Dondoo Muhimu: Nyanya za Bustani ya Nyumbani

Nyanya nyingi za bustani ndogo huharibiwa na udongo uliochoka na umwagiliaji mbaya, kwa hiyo kinga itangulie dawa.

1. Usipande nyanya palipolimwa viazi mviringo, bilinganya au pilipili msimu uliopita, kwa kuwa mimea hiyo ya ukoo mmoja huambukizana mnyauko bakteria, ugonjwa unaobaki udongoni.
2. Hamisha miche jioni, ikiwa na wiki 4 hadi 6.
3. Mwagilia asubuhi, kwenye shina, kamwe si juu ya majani, maana jani linalolala na maji hukaribisha bakajani, yaani ugonjwa wa ukungu unaoweza kuangamiza bustani nzima kwa siku chache za baridi na mvua.
4. Usiache udongo ukauke kabisa kisha ukauloweshe ghafla, kwani kalsiamu hushindwa kufika kwenye tunda na kitako chake huoza, hali ambayo wengi huidhania kuwa ugonjwa na kuipulizia dawa bure.
5. Simika mti kando ya kila shina.
6. Chuma na kuchoma majani yaliyochimbwa na kantangaze, kiwavi wa nondo aitwaye kitaalamu Tuta absoluta. Usiyatupe kwenye mboji.