Supu ya Ndengu na Boga kwa Ijumaa za Kwaresima

Jumatano ya Majivu ya kwanza kupika mwenyewe, kwetu Mutomo, ndengu zilinitoa jasho. Saa mbili motoni, maji yamegeuka kijani, lakini ukitafuna, ganda bado linakwaruza meno. Susu akaingia jikoni, akachovya kidole kwenye mtungi, akalamba. "Umepikia maji ya chumvi, mjukuu wangu. Hizo zitakukeshesha."

Kosa lilikuwa langu. Maji ya visima virefu vya Kitui Kusini mengi yana chumvichumvi, na madini yake hukaza ganda la ndengu. Wengine hutia magadi ili zilainike, lakini supu hubaki na ladha ya sabuni. Siku hizi naishi Wote, na ndengu napikia maji ya mvua ya tangini tu.

Kwaresima hutukuta tuna kitu ghalani, kwa sababu ndengu za mvua ya vuli huvunwa Januari na Februari. Kwa watu watano, andaa:

- vikombe 2 vya ndengu za nailoni, zile ndogo zinazong'aa
- boga, karibu nusu kilo
- fungu la majani machanga ya kunde
- kitunguu 1, nyanya 3, karoti 2
- dania, mafuta kidogo, chumvi

Chagua mawe, osha, loweka saa tatu. Chemsha ndengu hadi zipasuke, kisha utie boga na karoti. Boga likilainika, ponda nusu ya sufuria kwa mwiko: hapo ndipo supu inapopata uzito bila mfupa. Pembeni, kaanga kitunguu na nyanya zirojeke, umimine ndani. Majani ya kunde, yakatwe vizuri, yaingie dakika kumi za mwisho. Chumvi na dania, epua.

Usiipike nyepesi. Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, Mkatoliki wa miaka 18 hadi 59 hula mlo kamili mmoja tu, na bakuli hili likiwa na kipande cha ugali wa mtama litakufikisha jioni.

Pesa za nyama uliyojinyima, zitie kwenye bahasha ya Kampeni ya Kwaresima kanisani. Ukiziweka ukanunulie choma Jumamosi, utakuwa umeahirisha nyama tu.