Vigae vya Vikombe vya Mama

Mdogo wangu wa Tanga,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema una miaka miwili sasa unatengeneza hereni na bangili za shanga, mkono umeshakuwa mwepesi, wateja wapo, ila kila unachokitengeneza ulikiona kwanza kwenye simu. Ukiiweka simu kando, mikono inaganda. Unaniuliza wenzako wanaipata wapi hiyo ilhamu, na kama wewe hukujaliwa.

Kabla sijakujibu, kuna mstari mmoja uliupita mbiombio kana kwamba hauhusiani. Umeandika kwamba vikombe vidogo vya kahawa vya marehemu mama, vile vilivyotolewa kabatini siku ya Idi tu, vilivunjika mlipohama, na vigae vyake umevifunga kwenye mtandio wake kwa sababu kuvitupa huwezi. Hapo nilisimama, nikaiweka barua chini.

Umewahi kuziona pete za Lamu? Ni pete za fedha, lakini mahali ambapo ungetarajia kito pamekaa kigae cha kaure, kipande cha sahani au bakuli la zamani, bado kina jani la buluu au nusu ya ua. Vyombo vya namna hiyo vilikuja pwani yetu na majahazi kwa karne nyingi, vingi vikitokea China. Wazee wakavipanga kwenye zidaka za nyumba zao, wakavipachika hata kwenye nguzo za makaburi, kama pale Kunduchi. Vilipovunjika, sonara hakuona takataka. Alikigeuzageuza kigae mpaka akajua ua limekaa wapi, akakisugua kingo, kisha akaikunja fedha ifuate umbo la kigae. Kigae ndicho kilichomwambia pete iweje.

Hata fedha yenyewe ina habari zake. Masonara wengi wa pwani na wa Oman waliipata kwa kuyeyusha reale, zile sarafu zenye sura ya Maria Theresa wa Austria, zilizoendelea kugongwa tarehe ya 1780 hata miaka mingi baada ya yeye kufa. Moja ina uzito wa gramu 28 hivi. Pesa ya biashara ikaingia kwenye moto, ikatoka kikuku cha bibi harusi. Na dada zetu wa Kimasai, shanga za vioo zilipowafikia kutoka Ulaya, hawakuuliza Wazungu wanazivaaje. Kwenye nyeupe waliona maziwa, kwenye buluu anga, kwenye kijani malisho, kwenye nyekundu damu na ushujaa.

Sikukatazi kunakili, mdogo wangu. Mkono hufundishwa hivyo, na mwanafunzi wa sonara huanza kwa kurudia kazi ya bwana wake mpaka koleo limzoee. Lakini simu inakuonyesha hereni iliyokwisha. Haikuonyeshi kilichokuwa mezani kwa aliyeitengeneza, wala alichokuwa akikikumbuka alipoishika. Ndiyo maana ukiinakili unapata sura yake tu, na wiki ijayo unalazimika kutafuta sura nyingine. Bibi yangu alikuwa na kipini kimoja cha dhahabu maisha yake yote. Sikumsikia hata siku moja akikisifia uzuri. Alichokuwa akitusimulia ni kwamba kilinunuliwa kwa mauzo ya nazi, mwaka minazi ilipozaa sana, na mpaka leo nikichora umbo la kipini nachora mnazi bila kukusudia.

Kwa hiyo ufungue ule mtandio. Usikimbilie koleo. Vitandaze vigae kwenye kitambaa cheusi, ukae navyo jioni mbili tatu. Vingine vitakuwa na mstari wa dhahabu wa mdomo wa kikombe, vingine rangi imefifia pale vidole vya wageni vilipokuwa vikishika. Chagua vile ambavyo macho yanavirudia.

Kuvisugua, tumia msasa wa maji, na kigae kikae majini muda wote, maana vumbi la kaure likikauka linaingia mapafuni na halitoki. Vaa miwani ya kukinga macho unapokata. Ukishapata umbo, kizungushie waya wa fedha, au umpelekee sonara akutilie ukingo, nawe ukae pembeni utazame anavyofanya. Kulabu za hereni usinunue zile za bei ya kutupa. Nyingi zina nikeli, na masikio ya wateja yatawasha na kuvimba. Bora fedha.

Jambo moja nakuomba kama dada yako. Kazi hii ikipendeza, watu watakuletea vigae vya kwenye magofu. Vikatae. Magofu yanalindwa kisheria, na kigae kikishatolewa ardhini pale, historia yake imekatika. Gamba la ng'amba nalo likatae, hata ukiambiwa ni la zamani. Vikombe vilivyovunjika majumbani vinatosha, na kila kimoja kitakuja na mwenyewe wa kukusimulia.

Usianze na kile chenye ua zima. Anza na cheupe cha pembeni, ukikosea kisikuume sana.