Kuchagua Matairi ya Mwaka Mzima

Wavulana wa shule hii wakizungumza habari za motokaa, huzungumza habari za injini. Kila mmoja ajua kwamba Subaru Impreza husukuma magurudumu yote manne, na sauti yake twaitambua ingali mbali, kabla haijafika langoni. Juu ya matairi hakuna asemaye neno. Mimi pia nalikuwa hivyo mpaka Aprili 2023. Na kwa kuwa baadhi ya ndugu zetu waliomaliza hapa sasa wana motokaa za kasi za namna hiyo, nimeona vema kuandika somo hili kwa ajili yao, na kwa wenzangu ambao watazinunua kesho.

Habari yenyewe ni hii. Kaka yangu, naye alisoma hapa, alinunua Impreza iliyokwisha kutumika Japani. Ilifika Kampala na matairi yake. Nilikuwa na miaka 17, na kila likizo nilimsaidia mjomba katika kibanda chake cha kuziba pancha kando ya barabara ya Masaka, kwa hiyo kaka aliniuliza kama amwulizavyo fundi, "Matairi haya yafaa, au ninunue mengine?" Nikachuchumaa, nikapima mifereji, nikaona kina chake karibu milimita 7. Tairi jipya huwa na 8 hivi. Nikamwambia, "Kaka, haya ni kama mapya. Usipoteze fedha."

Wiki ya tatu alimchukua mama kumpeleka kijijini. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha, barabara ni ya lami, mwendo kilomita 80 kwa saa. Baada ya kona palikuwa na lori limesimama. Kaka akakanyaga breki, lakini motokaa ikateleza kama sabuni, akageuza usukani, wakaingia mtaroni. Mama alivunjika mkono wa kushoto. Hakuna aliyenilaumu. Jioni tulipokwenda kuivuta ile motokaa, mjomba alimulika tochi ubavuni mwa tairi, akanyamaza kitambo, kisha akaniita. "Njoo usome hapa. Ulipima meno, lakini hukusoma."

Palikuwa na neno STUDLESS. Palikuwa na herufi Q. Na ndani ya alama ndogo ya mviringo palikuwa na tarakimu nne: 3214.

Tuanze na neno lile. Zamani, katika sehemu za Japani zenye theluji, watu walitumia matairi yenye misumari midogo ya chuma ili yashike barafu. Misumari ile ilikwangua lami wakati barabara ilipokuwa haina theluji, na vumbi lake likawa taabu kubwa katika miji kama Sendai, hata mwaka 1990 ikatungwa sheria ya kuyazuia. Mahali pake yakashika matairi ya baridi yasiyo na misumari, na hiyo ndiyo maana ya STUDLESS. Nguvu yake haimo katika chuma bali katika mpira wenyewe, ambao umechanganywa uwe laini sana wakati wa baridi kali, na katika mikato mingi myembamba iliyochanjwa juu ya kila jino ili lishike barafu.

Hapa ndipo penye elimu. Mpira wa tairi si kitu kimoja. Mpira wa tairi la kiangazi cha Ulaya huanza kuwa mgumu joto la hewa lishukapo chini ya nyuzi 7 hivi, nao huacha kushika barabara vizuri. Mpira wa tairi la baridi hubaki laini chini ya hapo; lakini ukiupeleka penye joto huwa laini kupita kiasi, meno yake yenye mikato mingi hupindapinda kila unapofunga breki, na tairi huisha upesi. Sasa fikirini Kampala. Mchana ni nyuzi 27 au 28, na lami iliyopigwa jua hupita 50. Hata Kabale, mji ambao wenzetu hutoka wakiwa na masweta mawili, usiku huwa kama nyuzi 10. Theluji ya Uganda iko Rwenzori peke yake, na hakuna barabara ya motokaa iendayo huko juu. Tairi lile lilikuwa limetengenezwa kwa nchi ambayo dereva wa hapa hataiona maisha yake.

Tarakimu nne zile zilikuwa mbaya zaidi. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: wiki ya 32 ya mwaka 2014. Tairi lilikuwa na karibu miaka tisa. Mpira ukikaa miaka mingi hukauka na kuwa mgumu hata kama haukutembea, na mpira mgumu hauishiki lami yenye maji. Kwa hiyo ule ulaini uliokusudiwa ulikuwa umepotea, mikato yake imebaki. Mimi niliona milimita 7 nikafurahi. Kina cha mifereji chatuambia tairi limetembea kiasi gani; hakituambii limekaa miaka mingapi.

Baada ya haya kaka alitaka kununua matairi mengine, na muuzaji mmoja mjini akamwambia achukue ya "majira yote", maana jina lenyewe lajieleza. Jina hili limewadanganya wengi, nami nataka tulichungulie. Majira yote ya nani? Jina hili lilizaliwa katika nchi zenye majira manne, kutoka kiangazi mpaka theluji. Kampuni ya Goodyear ya Marekani ilileta tairi lake liitwalo Tiempo mwaka 1977 kwa ajili ya watu waliochoka kubadilisha matairi mara mbili kwa mwaka. Tairi la namna hiyo ni mapatano: lina ulaini kidogo kwa ajili ya baridi, na ugumu kidogo kwa ajili ya joto. Majira yetu ni mengine. Sisi tuna mvua za Machi mpaka Mei na za Septemba mpaka Novemba, na katikati ni jua na vumbi. Adui zetu ni maji, joto, mashimo, na changarawe. Barafu haimo katika hesabu. Basi anunuaye tairi la majira yote hapa analipia pia uwezo wa theluji ambao hatautumia. Sisemi ni tairi baya. Nasema lisichaguliwe kwa jina.

Lichaguliwe kwa nini, basi? Kwa ubavu wake. Motokaa ya kaka huvaa 205/55 R16 91V. Upana ni milimita 205. Kimo cha ubavu ni asilimia 55 ya upana huo, yaani kama milimita 113. R ni namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, na rimu ni inchi 16. Namba 91 ni mzigo, kilo 615 kwa kila tairi. V ni mwendo, kilomita 240 kwa saa; H ni 210, W ni 270. Ile Q ya matairi ya Japani ni 160 tu. Mtu atasema, nani atakwenda 240 katika barabara ya Masaka? Hakuna, na akiwapo akamatwe. Lakini herufi hii yaonyesha pia jinsi tairi livumiliavyo joto, na motokaa yenye nguvu hulipasha tairi joto sana kwenye kona na breki. Usishuke chini ya herufi aliyoiandika mtengenezaji wa motokaa. Kwa kawaida imebandikwa penye mlango wa dereva, pamoja na kipimo cha upepo.

Matairi yauzwayo Marekani yana maneno matatu zaidi, na mengi ya hapa pia huwa nayo. TREADWEAR ni kudumu: lenye 500 hukaa kuliko lenye 200, lakini mara nyingi lile la 200 hushika zaidi. TRACTION ni kushika penye maji wakati wa breki, na daraja zake ni AA, A, B na C. TEMPERATURE ni kuvumilia joto, A mpaka C. Kwa nchi yetu mimi ningetazama haya mawili ya mwisho kabla ya kuuliza bei, nisikubali TEMPERATURE chini ya A wala TRACTION chini ya A. Alama ya M+S, ambayo wengi hapa huisifu, maana yake ni matope na theluji. Mtengenezaji huiandika mwenyewe kwa kutazama umbo la meno, bila sharti la kulijaribu tairi katika baridi. Ajabu ni kwamba kwetu ile M yaweza kusaidia kidogo. Anayemaliza safari yake kwa kilomita chache za udongo mwekundu atafurahia meno yaliyoachana, maana tope hutoka upesi.

Wenzangu wa fizikia wataniuliza hesabu. Umbali wa kusimama ni mraba wa mwendo ukigawanywa kwa mara mbili ya msuguano na mvutano wa dunia. Kilomita 80 kwa saa ni mita 22.2 kwa sekunde. Lami kavu na tairi jema, tuseme msuguano 0.8, utasimama kwa mita 31 au 32. Lami yenye maji, tuseme 0.5, utahitaji mita 50. Tairi likiwa gumu kwa uzee, tufanye 0.4, ni mita 63. Haya ni makisio ya darasani, lakini zile mita 13 za mwisho ni ndefu kuliko basi. Kaka alihitaji pungufu ya hapo.

Tena kuna jambo la tairi kuelea. Maji yakiwa mengi kuliko mifereji iwezavyo kuyatoa, tairi hupanda juu yake kama mtumbwi, na usukani huwa mwepesi mkononi. Mwaka 1963 Horne na Dreher wa NASA waliandika kanuni waliyoipata hasa kwa matairi ya ndege: chukua kipeuo cha pili cha upepo kwa paundi, zidisha kwa 16.7, utapata mwendo wa kilomita kwa saa ambao tairi laweza kuanza kuelea. Paundi 32 hutoa kama 94. Paundi 20 hutoa kama 75. Kwa motokaa ni makisio tu, na tairi pana huelea mapema zaidi, nayo motokaa za kasi hupenda matairi mapana. Lakini yatosha kuonyesha kwa nini mjomba hugomba akiona upepo haujapimwa mwezi mzima.

Motokaa isukumayo magurudumu manne ina sharti lake. Matairi yote manne yawe ya aina moja, saizi moja, na yamechakaa sawasawa. Ukitia jipya moja kati ya matatu yaliyokwisha, lile jipya ni kubwa kidogo, huzunguka mara chache kuliko wenzake, na difu ya katikati hufanya kazi bila kupumzika mpaka iharibike. Na wapendao rimu za inchi 18 zenye ubavu mwembamba kama ukanda wajue ya kuwa ubavu ndio mto wa kulalia shimo. Nimeona rimu iliyopinda kama sahani ya bati kwa shimo moja la Kampala.

Kwa ndugu zetu walioko nchi za baridi neno langu ni tofauti. Katika jimbo la Quebec, Kanada, sheria yataka matairi ya baridi tangu tarehe 1 Desemba hata 15 Machi. Ujerumani, tangu Oktoba 2024, M+S peke yake haitoshi penye theluji na barafu. Sharti iwepo picha ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, ambayo tairi huipata kwa kujaribiwa katika theluji. Yako matairi ya majira yote yenye picha hiyo, na mahali theluji inyeshapo siku chache tu, tairi kama hilo lenye W au Y latosha hata kwa motokaa ya kasi. Penye miezi ya barafu, nunueni seti mbili. Continental hutengeneza tairi moja la majira yote lenye herufi D, W na S zilizochongwa juu ya meno: ya mwisho, S, ya theluji, hufutika kwanza, kisha W ya maji, na D ya ukavu hubaki. Werevu ulioje! Natamani lingekuwako lenye herufi ya miaka.

Kaka hatimaye alichukua manne mapya ya kawaida yasiyo ya theluji, herufi V, TRACTION A, TEMPERATURE A, yaliyotoka kiwandani miezi mitano kabla. Mjomba alitaka yale ya majira yote kwa sababu ya njia ya kijijini. Walibishana kutwa nzima, na mpaka leo mvua ikinyesha mjomba humkumbusha juu ya lile tope la mwisho karibu na kwetu. Mimi nilikuwa upande wa kaka, kwa kuwa kilomita nyingi za safari ni lami. Matairi ya Japani tulimpa fundi wa lugabire. Alisema yalikatika vibaya, mpira umekauka.

Mkono wa mama ulipona, ila hauwezi kubeba debe la maji. Kila apandapo motokaa hiyo huniambia kwanza niiname nimsomee zile tarakimu nne, nami humsomea kwa sauti, yote manne, hata kama tulizisoma jana.