SOMO LA WANA-NDOA: ALIYEPONA ANAPORUDI NYUMBANI



Somo la mwezi huu linahusu jambo ambalo hapa Butembo na kule Beni linasemwa kwa sauti ya chini, jikoni au njiani kutoka shambani, lakini mbele ya kanisa halisemwi. Ni habari ya mume na mke baada ya Ebola.

Fungueni Walawi sura ya 14, msome mpaka mstari wa 8. Tunamwona mtu aliyekuwa na ukoma, naye amekwisha kupona. Kuhani amemtazama, amefua nguo zake, ameoga, ameruhusiwa kuingia kambini. Lakini siku 7 anakaa nje ya hema yake. Angalieni vizuri, wapendwa: kambini anaingia, hemani haingii. Amepona kweli, hakuna anayebisha, na hata hivyo watu wa nyumba yake wanamngoja.

Kwetu ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018, huko Mangina. Ukafika Beni, ukafika Katwa na Butembo. Hata ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020, walikuwa wamekufa watu zaidi ya 2,280. Waliopona walipita 1,100, nasi tukawaita washindi.

Basi mshindi anarudi nyumbani. Kula naye sahani moja hakuleti ugonjwa, wala kumshika mkono, wala kukaa naye chumba kimoja. Wanaomkimbia wanamwonea bure. Lakini virusi vinaweza kujificha katika mbegu za mwanamume kwa miezi mingi, mara nyingine kupita mwaka, naye mwenyewe hasikii maumivu yoyote. Kwa hiyo waganga walitoa shauri: mbegu zipimwe kila mwezi tangu mwezi wa 3, mpaka vipimo 2 vionyeshe kwamba virusi havimo. Kabla ya hapo, wana-ndoa wajizuie au watumie mpira. Asiyepata kipimo afanye hivyo miezi 12.

Tusidhani ni maneno ya kutisha watu. Mwezi wa 2 mwaka 2021 ugonjwa ulitokea tena Biena, ukaonekana na Butembo. Mgonjwa wa kwanza kutambuliwa alikuwa mama aliyeolewa na mtu aliyepona Ebola. Waliugua watu 12, wakafa 6. Maabara ilionyesha kwamba virusi vile vilikuwa ukoo mmoja na vile vya 2018. Havikutoka upya msituni.

Sasa tuone jinsi jambo hili linavyovunja nyumba. Mke anasikia neno mpira, na moyoni anasema: huyu ana mwingine. Mume anaona mke amehamia kulala na watoto, na moyoni anasema: huyu ananihesabu maiti. Hakuna anayefungua kinywa. Godoro lao limechomwa, shamba halifikiki kwa sababu ya vita, deni liko dukani, na kila ugomvi wa chumvi au wa sabuni unabeba ule mwingine usiosemwa. Kisha mama mkwe anauliza mbona mimba haionekani, na mbuzi za mahari zilitolewa.

Paulo, katika barua ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 7, mstari wa 5, anawaruhusu wana-ndoa kutengana kitandani. Ila anataka mambo mawili: mapatano, na muda unaojulikana. Mume akiamua peke yake, si mapatano. Mke akihama chumba bila neno, hayo nayo si mapatano. Na mume anayemlazimisha mkewe kwa kusema kwamba Mungu amekwisha kumponya, huyo anatumia jina la Mungu kufunika tamaa yake; wazee wa kanisa wasimwonee haya. Waende wote wawili kwa mganga, wasikie maneno yale yale kwa masikio yao, wahesabu miezi pamoja. Na jamaa za mume wajibiwe na mume mwenyewe. Si haki mke aachiwe mzigo huo.

Katika ugonjwa ule ilitakiwa pia kutaja watu wote mgonjwa aliokutana nao, wafuatiliwe siku 21. Orodha hizo zilikuwa na hatari yake kwa ndoa, maana mtu mwenye siri huona heri kulificha jina. Sisi tunasema jina litajwe. Aibu ya ndoa inaweza kuletwa mbele ya wazee baadaye, lakini mtu aliyefichwa anaweza kufa na kuua wengine.

Tuna neno kwa wenye karama ya maono, nalo ni zito. Kanisa letu halizimi roho ya unabii. Lakini ono linalomtaja mke, au mjane, kwamba ndiye aliyeleta kifo nyumbani, lisitangazwe katika ibada. Kumbukeni kwamba zaidi ya nusu ya waliougua walikuwa wanawake na wasichana. Nani alikuwa akiosha matapishi ya mgonjwa? Nani alimbeba mtoto mwenye homa? Kuuguza kuliwapeleka kaburini, nasi tuwaite wachawi?

Mashemasi na mama zetu wa ibada, mkiwatembelea wana-ndoa hao, msiende kuchungulia habari za chumbani. Pelekeni unga, ombeni nao, mkae kidogo. Wakitaka kusema, watasema.

Maswali ya kikundi (baba wajibu kwanza):

Kama ungekuwa wewe uliyerudi kutoka kituo cha matibabu, ungemwambia mkeo neno gani usiku wa kwanza?

Ni nani katika ukoo wako angekuwa mgumu kumweleza, na ungemjibu namna gani?