Mfupa wa Printa: Ulizeni Kwanza

Mdogo wangu uliyeniandikia kuhusu shingo ya mama, barua yako nimeisoma. Mmeona kwenye simu mifupa inayotengenezwa kwa printa ya 3D, na sasa kaka zako wanatafuta mteja wa kiwanja ili mama apelekwe nje. Hebu wasubiri kidogo.

Teknolojia yenyewe si porojo. Mwaka 2014 huko Beijing, Daktari Liu Zhongjun na wenzake walimwondolea mtoto wa miaka 12 pingili ya pili ya shingo iliyoingiwa na saratani, wakamwekea ya titani iliyochapishwa kwa vipimo vyake mwenyewe. Mwishoni mwa 2015, Ralph Mobbs wa Sydney alimpasua mgonjwa mwenye uvimbe kwenye pingili mbili za juu kabisa, zile zinazobeba na kugeuza kichwa. Kazi ilichukua saa 15 hivi! Kutengeneza kipande chenyewe huanza na picha za CT, kompyuta ikachora umbo, kisha unga wa titani ukayeyushwa tabaka juu ya tabaka. Kipande hutoka na vitundu vitundu kama sifongo, ili mfupa wa mgonjwa uote humo na kukishika.

Lakini angalia hao walikuwa wagonjwa gani: uvimbe mbaya, tena mahali ambapo hakuna kipandikizi cha dukani kinachokaa sawasawa. Mama, kwa maelezo yako, ana diski iliyochakaa inayobana mshipa wa fahamu wa mkono. Kwa shida hiyo vipo vipandikizi vya saizi za kawaida, na wagonjwa wengi hata hawafiki kwenye kisu. Dawa na mazoezi ya viungo huwatosha. Kipandikizi cha kupimiwa peke yako ni ghali zaidi, hungojewa kitengenezwe, na bado kinaweza kuzama kwenye mfupa au kidonda kikapata maambukizi.

Muulizeni daktari swali moja: kwa nini cha kawaida hakimfai mama? Akiwaonyesha sababu kwenye picha zake, msikilizeni. Akiwatajia bei tu, tafuteni daktari wa pili.

Na tafadhali, mama asikandwe shingo wala kuvutwa na mtu wa mtaani, hata awe na sifa gani. Akianza kushindwa kufunga vifungo vya nguo, kuyumba akitembea au kushindwa kuzuia mkojo, huenda uti wa fahamu wenyewe unabanwa. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, msingoje tarehe ya kliniki.