Dondoo muhimu: Hita inayovuja kwenye gari kuukuu

Rejeta ndogo ya hita hukaa nyuma ya dashibodi, nayo ikitoboka, maji ya kupoza injini (kulanti) humwagika ndani ya gari. Kapeti ya upande wa abiria hulowa, harufu tamutamu husikika, na kioo cha mbele hushika ukungu kama wa mafuta ambao kitambaa huusambaza tu.

Kwenye eneo la joto kama Burat, hita haina kazi kubwa. Kwa muda, mipira yake miwili inaweza kuunganishwa upande wa injini na kukazwa kwa klipu. Ila gari linalopanda hadi mji wa Timau alfajiri, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, linahitaji hita nzima.

Injini ipoe kabla ya kugusa chochote. Ili kutoa rejeta ya hita, dashibodi hufunguliwa, na kinachosumbua hasa ni plastiki yake: imekaushwa na jua miaka mingi, ikivutwa hupasuka. Mipira iliyogandamana ichanwe kwa kisu, isizungushwe kwa nguvu. Rejeta nzima ya hita ikishafungwa, injini ijazwe kulanti, si maji ya kisima yenye chumvi. Kisha hita iwekwe kwenye joto la juu kabisa, injini ikiwa baridi iwashwe bila kifuniko cha rejeta, hadi mapovu yaishe.