Njia ya Mwalimu wa Kandanda Chuoni

SWALI: Bwana Mwandishi, mwanangu asomaye Marekani atamani kuwa mwalimu mkuu wa kandanda chuoni. Njia yake ni ipi?

JIBU: Ndugu yangu, aghalabu mtu huanza kwa kuichezea timu ya chuo, kisha akawa msaidizi kwa ujira haba, akizuru viwanja vya shule kutafuta vijana na kukagua alama zao za darasani kabla ya kuzisifu mbio zao. Kwa mfano, mwalimu Jerry Yeagley, aliyekuwa bingwa wa kandanda ya vyuo akiichezea timu ya chuo cha West Chester mwaka 1961, alifika Chuo Kikuu cha Indiana mwaka 1963 akakuta klabu tu ya kandanda, akaitumikia kwa subira hata chuo kilipoipa hadhi rasmi mwaka 1973, ndipo akatwaa ubingwa wa taifa mara 6, wa mwisho mwaka 2003 alipostaafu. Namsihi mwanao amwendee mwalimu wa chuo chake sasa hivi, hata kama ataanza kwa kukusanya mipira jioni.